Maandishi Yaliyosalia ya Bwana Qiu

Ludovick alishafika kwenye lango la stesheni ya treni ya Skärholmen, akiburuza begi la safari, na bado alikuwa anatukana.

"Huko vårdcentralen, kituo chenu cha afya, wanakupa foleni na vidonge. Je, mkono umepanda?"

"Bado, mzee," alisema Baudouin, dereva wa basi. Mkono wake wa kulia haukuvuka bega, na kazini walishamwambia: usipopona, usukani ndio basi tena.

Mkewe Veneranda, muuguzi, hakuwa na subira hiyo. "Na wewe, kaka Ludo, China ulisomea nini? Reli!"

"Reli mchana. Jioni sindano." Akakipigapiga kitabu kilichokuwa kwapani: maandishi yote yaliyosalia ya Bwana Qiu, fundi wa sindano wa karne zilizopita. Kichina alichojua Ludovick kilikuwa cha viungo na maradhi, akaona kinamtosha. Kila ukurasa una mgonjwa, ugonjwa, mahali pa kuchoma. Basi. Dibaji hakuigusa. Dibaji, alisema, ni za kuwalamba wafalme miguu.

"Hata haandiki kama walipona," alisema Veneranda.

"Fundi wa kweli hajisifu. Wauguzi mtayajulia wapi hayo?"

Asubuhi ile, kabla ya kuja stesheni, jikoni kwa wenyeji wake, alitaka kumchoma Baudouin juu ya bega, kama Bwana Qiu alivyomchoma mchukuzi mmoja wa chumvi. Veneranda akasimama katikati. Ludovick akacheka, akavua shati, akajichoma mwenyewe juu ya bega, palepale alipochomwa mchukuzi. Sindano ndefu, akaizamisha yote.

"Mmeona? Waoga wakubwa!"

Sasa treni iliingia. Ludovick alikohoa, akashika kifua, akavuta pumzi mara mbili kabla ya kusema.

"Baridi yenu hii," alisema, kana kwamba nayo wameileta wauguzi. Alikuwa anakwenda kupanda ndege ya China, kuzuru kaburi la Bwana Qiu. "Nikirudi, Baudouin, huo mkono nauchoma. Mkeo atake asitake."

Milango ikajifunga.

Baadaye Baudouin alipasuliwa bega hospitalini, na sasa anaendesha basi kama zamani. Veneranda bado yuko kazini wodini kwake, hajaacha kubishana na watu. Ludovick alishushwa kwenye ndege akiwa maiti, pafu moja limetobolewa na sindano, limesinyaa. Kitabu kilirudi pamoja na begi lake, na Alma, jirani anayefundisha Kichina, akawasomea mistari ya kwanza ya dibaji:

"Niliowaponya wamekwenda zao kwa miguu yao. Humu nimewaandika walionifia tu, ili mwanafunzi wangu asichome nilipochoma mimi."