Maji ya Majivu

Mwanvua alichovya kidole katika maji yaliyochujwa kwenye majivu, akakigusa kwa ulimi ili ajue kama sabuni itashika. Ulimi ukawaka.

“Iko kali?” akauliza mama mkwe wake, akichochea moto chini ya sufuria ya mawese.

“Kali sana, mama. Nguzo ya mlango ilikuwa ya muti muzuri.”

Mama mkwe akageuza uso. Jana askari wa Bulamatari, serikali ya wazungu, aliichoma nyumba yao ili wahamie kando ya barabara. Majivu waliyazoa palepale. Leo amewaletea sare yake, na bado amesimama hapo.

“Mufue muzuri,” akasema yule askari. “Inanuka moshi.”

“Ndiyo, bwana,” akajibu Mwanvua, akaimimina nyumba yake ndani ya mawese.