Mkono Kwapani

Kwenye runinga, kule Columbus, kijana wa timu ya chuo ya mpira wa Kimarekani alirusha mpira na wapinzani wakaudaka tena. Huku Shively, mwendo wa saa tatu na zaidi kwa gari, saluni nzima ikalipuka.

"Bon, kocha amutoshe mu kiwanja! Anatupatisha haya."

"Mumuache, angali mtoto. Atakomaa."

Zita, aliyehamia juzi kutoka Buffalo, aliendelea kusuka. Kwao kila mtoto ana jina lake, si la ukoo, kwa hiyo jina la mgongoni mwa jezi ya kijana halikumwambia mtu kwamba huyo ni mwanawe.

Kijana akaficha mkono wa kulia kwapani. Ndivyo alivyouficha utotoni alipovunjika kidole, ili asikatazwe kucheza.

Vidole vya Zita vikasimama katikati ya msuko.

"Dada, wewe unasemaje?"

"Atolewe."

Wakamshangilia. Yeye alikwisha kuacha kichwa cha mteja kimesukwa nusu, anatafuta funguo za gari aende Columbus.