Zabibu za Ng'ambo ya Mto

Mkaguzi alipochota divai kwenye mtungi uliofukiwa ardhini, Eteri alirudi nyuma hatua moja. Mvua ya mawe ilikuwa imeharibu nusu ya mizabibu yake, naye akachanganya zabibu za ng'ambo ya mto, nje ya mpaka wa Mukuzani, ilhali divai ya jina hilo sharti itokane na zabibu za kijijini humo tu.

Mkaguzi akaonja, akafumba macho. Tone jekundu likamtiririka kidevuni.

"Mama, hii ndiyo Mukuzani yenyewe! Kumbe ulikuwa unatuficha? Naipeleka maabara jijini Tbilisi, iwe sampuli ya kijiji kizima."

Kijiji kizima! Wakigundua huko maabara, hata majirani zake wangekatazwa kuandika Mukuzani kwenye chupa zao.

Mkaguzi akafungua daftari.

"Mwanangu," Eteri akasema, akiweka kiganja juu ya ukurasa, "usiandike kwanza."