Kupe wa Chumba cha Nyuma

Bawaba ya tatu iligoma. Fundi akaigonga kwa patasi hadi ikaruka, kisha yeye na mwenzake wakaubeba mlango nje na kuulaza juu ya mingine mitano.

“Umebaki wa kule nyuma,” akasema muuguzi mstaafu.

Alikuwa amesimama uani tangu asubuhi, mkoba kwapani. Kiinua mgongo chake chote, miaka thelathini na miwili ya zamu za wodini, kilikuwa kimeingia hapa. Alitaka nyumba hii kuukuu iondoke, pasimame ghorofa nne za kupangisha, azeeke bila kumwomba mtu.

Wala hakununua kwa pupa. Aliuliza habari za maji, umeme, nyufa, majirani, hata mtaro wa maji machafu. Mkataba aliusoma mara mbili, akafurahi kuona muuzaji ameorodhesha kila kitu: vyumba sita, milango saba, madirisha kumi na moja, mabati themanini. Tatizo lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa limekaa chumba cha nyuma likitengeneza saa.

Muuzaji alimwita fundi saa huyo Kupe. “Yule mimi amenishinda, dada. Miaka ishirini hajanipa hata senti. Utapambana naye mwenyewe.”

Muuguzi akaenda kusimama kizingitini.

“Nyundo unazisikia?”

“Nazisikia.” Kupe hakuinua jicho kwenye saa. “Mafundi wako wavivu.”

“Leo unatoka.”

“Siku ya tatu naambiwa leo. Mtu mzima huna kalenda?”

“Miaka ishirini unakaa bure kwenye nyumba ya watu! Huoni haya?”

“Sijalipa na sitalipa. Haya nimwonee nani?”

Muuguzi alihisi damu inampanda kichwani. Wodini alizoea kukemea mara moja, watu wakanywea. Huyu alikuwa akipuliza vumbi kwenye gurudumu dogo kama punje ya mtama.

“Ng’oeni mabati!” akapiga kelele. “Anzieni juu ya kichwa chake!”

Mabati yakashuka moja moja kwa makelele. Jua likamwangukia Kupe utosini. Akafungua mwavuli, akaubana kati ya shingo na bega, akaendelea na saa yake. Mafundi wakacheka, muuguzi akawakata jicho, wakarudi kazini.

“Kuta je?” Kupe akauliza. “Au umeishiwa pumzi? Nilisikia manesi mna roho ngumu.”

“Vunjeni kuta!”

Fundi akasita. “Mama, si tungewaona kwanza watu wa serikali ya mtaa? Mtu yumo ndani.”

“Nani anakulipa, mimi au yeye?”

Nyundo kubwa zikaanza kazi. Ukuta wa sebule ukalala, ukafuata wa jikoni, ukafuata wa barabarani. Kila ulipoanguka mmoja, Kupe alichungulia, akatikisa kichwa kama mtu anayehesabu, akarudi kwenye kazi yake. Muuguzi aliiona hofu katika kutikisa kule, akazidi kuwahimiza mafundi.

Jua lilipokuwa likizama, ulibaki ukuta mmoja tu, ule aliokuwa ameuegemea Kupe. Ndipo alipoinuka, kigoda mkono huu, sanduku la vifaa mkono ule, nyusi nyeupe kwa vumbi.

“Umenyoosha mikono,” muuguzi akasema. Mwili wote ulimwia mwepesi.

“Huu tutaumalizia kesho,” fundi akasema, akikusanya nyundo.

Kupe akaweka kigoda chini, akajipangusa uso.

“Muuzaji hakukwambia kwa nini silipi? Alijenga kwenye kiwanja changu. Chumba kile alinipa badala ya kodi ya ardhi. Tuliandikiana: nyumba ikiwepo, siwezi kumfukuza yeye wala atakayemuuzia. Ikibomolewa, wote wawili hawana tena haki hapa.”

Akamgeukia fundi.

“Kesho mkimaliza, kifusi mkakimwage mbali. Nataka kiwanja changu kiwe safi.”