Vunjajungu Hahami

Palikuwa na bustani ya mchicha, na mlinzi wake alikuwa Jogoo, hodari wa kuwika, mvivu wa kutazama. Asubuhi moja akakuta majani yametobolewa.

"Ni Vunjajungu huyo," akasema Kiwavi, mnene, mpole wa maneno. "Mtazame, Bwana Jogoo. Amekunja mikono kama anayesali, na miguuni pake mabawa ya wadudu marehemu. Tena ana nuksi, akipita tu vyungu huvunjika."

Jogoo akavimba kifua. "Vunjajungu, hama leo hii!"

Vunjajungu hakushusha mikono wala kuinamisha kichwa. Maneno ya vyungu alikwisha kuyazoea tangu utotoni, lakini kuitwa mwizi wa mboga kulimchoma.

"Sihami," akasema. "Kuua naua, sikatai, na kesho nitaua tena. Lakini jani sijaonja hata siku moja. Tupe mimi na Kiwavi kila mmoja jani zima, tukae juu yake mpaka jua litue, asiondoke mtu."

Kiwavi akataka kupinga, lakini Jogoo alikwisha kuwika kwamba shauri limepita.

Jua lilipotua, jani la Vunjajungu halikuwa na tundu hata moja. Kiwavi alikuwa amekalia mishipa mitupu, mdomo ungali kijani.

Jogoo akaona haya. "Mama Vunjajungu, niwie radhi, mimi..."

"Radhi baadaye," akasema Vunjajungu, akikunjua mikono. "Nimeshinda na njaa."

Akamgeukia Kiwavi.