Mji Niliopewa Bogoria

Magari ya siku hizi hayana usukani. Ukiyatajia mji, yanakwenda. Mimi nikasahau. Tulishaona heroe na tandala wa Ziwa Bogoria, zikabaki chemchemi za maji moto alizolilia mjukuu wangu Jemutai mwaka mzima, nikamtegea humo garini: "Nyungu yangu yatokota bila kuni."

Akashindwa.

"Basi nipe mji."

"Nakupa Mombasa!"

Gari likageuka papo hapo.

"Nyanya, chemchemi zangu!"

"We gari, mji ni wangu, naurudisha!"

Likasita, likatii. Tulipofika na maji yakaruka juu yakifuka mvuke, Jemutai alipiga kelele: "Kumbe ndiyo nyungu yako!"

Tukielekea nyumbani, gari likasema kwa upole, "Kitendawili!"

Nikamziba Jemutai mdomo kabla hajajibu, "Tega!"