Mende Mweupe

Bi Mashavu aliposikia kwamba mke wa mwanawe ameleta mende nyumbani kwa makusudi, alimfuata chumbani na kopo la dawa ya kupulizia. Kidawa alikuwa amepiga magoti mbele ya kasha la plastiki, akipanga ndani yake trei za mayai ili wadudu wapate pa kujificha.

"Wa nini hawa?"

"Chakula cha yule buibui wangu mkubwa, mama. Wakizaliana, sitahangaika tena kumtafutia."

"Mwanangu kaoa mfuga mende! Hebu nipishe niwamalize."

Kidawa aliinua trei moja. Bi Mashavu akainama, kidole juu ya kopo. Kati ya mende wa kahawia alikuwamo mmoja mweupe kama tui.

"Huyu anaumwa?"

"Amejivua gamba sasa hivi, mama. Bado laini, ukimgusa utamuumiza."

Bi Mashavu alikuwa ameua mende maisha yake yote, lakini wa namna hii hakuwahi kumwona. Akaweka kopo sakafuni, akaketi, akamkinga na mwanga wa dirisha kwa upindo wa kanga.

"Nyamaza," alimwambia Kidawa, ambaye hakuwa amesema neno.

Mgongoni mwa yule mdudu, rangi ilianza kuingia taratibu, kama majani ya chai kwenye maji ya moto.